Namba ya Kaka

Asubuhi kituo chetu cha afya kilipohamia kwenye kompyuta, mama yangu alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Siku ya kliniki ya sukari alijipamba hivyo kila mwezi. Kule alikutana na wazee wenzake, wakabanana kwenye mabenchi ya mbao, wakaulizana habari za magoti na za wajukuu, mpaka muuguzi aanze kuita majina kutoka kwenye rundo la madaftari. Daftari la mama lilikuwa nene kuliko mengi. Alianza kuugua sukari tukiwa bado Tanzania, na kila muuguzi aliyemwona aliandika humo, mwingine kwa Kifaransa, mwingine kwa Kinyarwanda, mwingine kwa mwandiko ambao hakuna aliyewahi kuusoma.

Siku hiyo madaftari yalikusanywa. "Tutayaingiza kwenye mfumo," karani wa mapokezi alisema, akaliweka la mama juu ya mengine ndani ya boksi. Karani huyo tulimfahamu. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka michache, mpole, ambaye wazee walimpenda kwa sababu hakuwahi kuwapandishia sauti.

"Mama, sasa nipe kitambulisho tu," alisema.

Mama akampa. Karani akaandika kwenye kompyuta, akasubiri, akasema, "Namba imeshatumwa kwenye simu. Nisomeeni."

Nikatazama simu yangu. Hakuna kitu. Mama akafungua pindo la kitenge akatoa kisimu chake cha vitufe. Nacho kimya.

"Haiji kwenu," karani akasema. "Inakwenda kwa mkuu wa kaya." Akasogeza uso karibu na skrini, akataja jina la kaka yangu, majina yote mawili, polepole, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Mama akaitika. "Yego," alisema, ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyeitwa mlangoni.

Kaka yangu alikuwa amefariki karibu miaka miwili kabla ya asubuhi hiyo.

Ni lazima niseme alikuwa nani. Sisi tulizaliwa Ngara, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia wakiwa vijana. Baba alifia huko. Tuliporudi Rwanda, kaka ndiye aliyetutafutia kiwanja Masaka, wakati Masaka ilikuwa bado mashamba ya mihogo na migomba na watu wa Kigali waliiona kama kijiji. Ndiye aliyejenga nyumba, na ndiye aliyetuandikisha: yeye mkuu wa kaya, kisha mama, kisha mimi, nilipoachana na mume wangu nikarudi nyumbani na sanduku moja. Alikuwa dereva wa lori, akileta mizigo kutoka Dar es Salaam. Safari yake ya mwisho alianza kubanwa kifua njiani, wenzake wakampeleka hospitali Singida, na siku ya tatu akafa. Walimchukua wakamrudisha Ngara, kwa kuwa ndiko baba alikozikwa. Mama na mimi tulivuka mpaka pale Rusumo, tukamzika, tukarudi. Haikutujia akilini kwenda ofisi yoyote ya Kigali kutoa taarifa. Majirani walijua, kanisa lilijua, na sisi tulijua.

"Bila namba faili halifunguki," karani alisema nilipomweleza kwamba kaka amefariki, na niliona kwamba hakupenda kusema hivyo. "Na faili lisipofunguka, chumba cha dawa hawawezi kumpa sindano. Huwezi kumpigia anayetumia hiyo laini sasa?"

Nilikuwa sijaifuta namba ya kaka. Nilitoka nje, nikasimama karibu na ukuta, nikapiga. Iliita. Akapokea mwanamke.

Nilijieleza kwa Kinyarwanda. Alipogundua lafudhi yangu ya Tanzania akageukia Kiswahili, kile cha sokoni kwetu Kigali.

"Hii namba iko yangu. Mume wangu aliinunua kwa duka."

"Najua, dada. Naomba tu unisomee ujumbe ulioingia sasa hivi. Una tarakimu sita."

"Eeh! Wezi wanaanza hivi hivi. Wanasema nisomee namba, halafu pesa inakwisha kwa simu."

"Mimi si mwizi. Niko kituo cha afya na mama yangu. Namba hii ilikuwa ya kaka yangu, amefariki."

Akasema, kwa hasira ya mtu aliyeogopa, "Sasa unasema simu yangu iko ya mtu amekufa? Usinipigie tena." Akakata.

Sikumlaumu. Redio ilikuwa ikituonya kila siku kuhusu watu wanaopiga simu kuomba namba za siri. Nilirudi ndani. Karani akatazama huku na huku, akaenda mwenyewe chumba cha dawa, akarudi na dawa za juma moja ndani ya bahasha ya kaki. "Hii ni mara moja tu," alininong'oneza.

Jioni ile nilimwandikia yule mwanamke ujumbe mrefu, nikamwambia mimi ni nani, mama anaumwa nini, tunaishi wapi. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu akaandika: yuko soko la Kabuga, upande wa dagaa, kama mama huyo yupo kweli, nimlete amwone.

Tulipanda basi Jumamosi. Tulimkuta nyuma ya meza ya dagaa wakavu, mwanamke wa miaka hamsini hivi, aproni imejaa magamba. Hakutusalimu. Alinyoosha mkono apewe kitambulisho cha mama, akaitazama picha, akamtazama mama, akaitazama tena picha. Kisha akasogeza ndoo, akaipangusa, akamwambia mama akae.

"Mwanao alikuwa anafanya kazi gani, mukecuru?" aliuliza. Hivyo ndivyo tunavyomwita mwanamke mzee kwa heshima.

"Dereva wa lori."

Akashika mdomo. "Basi ndio hao. Nilipoanza hii namba watu walikuwa wananipigia kila siku, wanauliza mzigo uko wapi, umefika Kahama, umefika Rusumo. Mimi niliwatukana. Nisamehe. Nilikuwa sijui iko ya marehemu."

Mama hakukasirika. Alivuta ndoo karibu. "Walikuwa wanauliza nini tena?" alisema. "Hebu niambie."

Na yule mwanamke, huku akipimia wateja dagaa, akamweleza kila alichokumbuka: mtu wa saruji, mtu wa mchele, mwanamume mmoja aliyepiga usiku wa mwaka mpya kumtakia heri na hakuamini kwamba aliyepokea si mke wa dereva. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Tulipoondoka aliomba aishike ile simu kidogo. Alipewa. Aliigeuza mara moja mkononi, akairudisha.

Tangu hapo tulikuwa na utaratibu. Siku ya kliniki nilimpigia alfajiri kumkumbusha. Tukifika dirishani karani anabonyeza, Kabuga simu inalia, mwanamke anapangusa mikono kwa aproni, anapiga, ananisomea. Alisoma tarakimu kwa Kifaransa, jinsi alivyofundishwa shuleni, nami nikazigeuza kwa karani haraka, kwa maana namba ilikufa baada ya dakika chache. Wakati mwingine alikuwa na wateja, wakati mwingine chaji ilikuwa imekwisha, nasi tukarudi mwisho wa foleni. Lakini kwa miezi mingi mama alipata sindano zake.

Na hatukuwa peke yetu pale. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye namba yake ilikwenda kwa mtoto aliyekuwa kazini Dubai. Kulikuwa na mwingine aliyefungia simu ndani ya soksi, na kila mwezi mlinzi wa geti alimsomea ujumbe kwa kuwa macho yalikuwa yamekwisha. Nusu ya siku ya mlinzi yule ilikwenda kusoma simu za watu. Vijana waliingia na kutoka kwa muda mfupi kweli, hilo sikatai. Niliwaona. Mtu mwenye simu yake, macho yake na kaya yake iliyonyooka, alihudumiwa kabla hajapata joto la benchi.

Kitu kilichonisumbua ni kwamba mama alianza kupiga ile namba siku nyingine pia. Nilimkuta uani, chini ya kamba ya nguo, kisimu sikioni.

"Unaongea na nani, mama?"

"Naangalia tu kama iko hewani."

Kwenye kisimu chake namba ile ilikuwa bado imehifadhiwa kwa jina la kaka. Kila alipopiga, jina lake lilitokea. Yule wa Kabuga alikuwa amemzoea, akamwita mama, akamuuliza kama amekula. Wakati wa maharage mabichi mama alimpelekea kapu zima. Nilijiambia hakuna ubaya. Lakini nilimsikia siku moja akicheka na simu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tutoke kumzika kaka Ngara, na sikuwa na furaha. Niliogopa.

Wakati huohuo nilikuwa nahangaika kurekebisha. Ofisi ya kata ilikuwa na kijana nadhifu, mkarimu, mwenye kompyuta mbili. Nilimweleza.

"Kwa hapa kaka yako yuko hai, dada yangu," alisema. "Hakuna kifo kilichoandikwa."

"Alifia Tanzania."

"Basi tunahitaji hati kutoka huko."

"Na wakati tunasubiri, huwezi kubadilisha namba ya simu tu? Weka yangu."

Alibonyeza, akasoma, akakuna shingo. "Mabadiliko yanathibitishwa na mkuu wa kaya. Namba inakwenda kwenye simu yake."

"Ndiye aliyekufa."

"Mimi naelewa, dada. Hii ndiyo haielewi." Akaigusa skrini kwa ncha ya kalamu.

Nilifikiri nimpigie mwanamke wa Kabuga anisomee namba, nithibitishe kwa jina la kaka yangu kwamba kaka yangu anakubali. Nilimwambia yule kijana hivyo. Alinitazama kwa huruma, akasema huo ungekuwa udanganyifu na yeye angepoteza kazi. Nilimwandikia binamu yangu Ngara, naye akaanza safari zake za kwenda mjini wilayani kuulizia hati. Mara mtu wa mihuri hayupo, mara jina la kaka limekosewa herufi moja, r imekuwa l. Miezi ikapita.

Kazi yangu ni ukalimani. Kigali mikutano haikosekani, na wageni wa Tanzania na Kenya wanapokuja huitwa mtu wa kugeuza Kinyarwanda kuwa Kiswahili cha kueleweka. Mwaka ule niliitwa kwenye mkutano wa siku mbili katika hoteli moja. Mada ilikuwa huduma za afya na ustawi wa jamii kwa njia ya mtandao. Nilikaa ndani ya kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, vipokea sauti masikioni. Msemaji alikuwa mwanamke mwerevu, anayejua kazi yake, na alionyesha picha za foleni za zamani, madaftari yaliyoliwa na panya, wagonjwa waliopoteza kadi. Yote yalikuwa kweli. Mkalimani husema maneno ya msemaji kama yake mwenyewe. Kwa hiyo nilisema, kwa sauti yangu, "Sasa mgonjwa wetu hapotei tena. Popote alipo, tunamtambua."

Mgeni mmoja kutoka Tanzania, daktari mwenye mvi, akauliza: "Na mzee asiye na simu?"

Nikageuza swali. Likarudi jibu. "Kila kaya ina simu," nilisema. Nilisubiri kama mgeni yule angeuliza tena. Aliandika kitu, akashukuru. Wakati wa chai alinifuata kunisifia Kiswahili changu, akauliza nilikulia wapi. Nilitaka kumweleza habari za mama. Nilikuwa na kikombe mkononi na watu wa mkutano walikuwa karibu, nikamwambia, "Ngara." Akafurahi sana. Tukazungumza habari za Ngara.

Kiangazi kilipofika, vumbi jekundu la Masaka likiwa juu ya kila jani, nilimpigia yule mwanamke asubuhi ya kliniki, nikaambiwa namba haipatikani. Nikapiga tena. Tulikwenda kituoni hivyo hivyo, tukakaa mpaka mchana. Karani alitutazama kutoka dirishani mara kwa mara. Safari hii hakunyanyuka. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa amepewa onyo la maandishi kwa dawa zilizotoka bila faili.

Kesho yake tulikwenda Kabuga. Alikuwepo, nyuma ya dagaa wake. Alipotuona alifunika uso kwa aproni.

"Wameiiba," alisema. "Kwa mfuko, hapa hapa, nikipima. Nilikwenda kwa duka la simu nirudishiwe laini. Wananiambia mwenye laini aje na kitambulisho. Iko kwa jina la mume wangu. Na mume wangu alienda Uganda na mwanamke mwingine, hata simu hapokei." Alipangusa macho. "Mimi nilikuwa naona tu iko yangu."

Mama alikaa kwenye ndoo. Alimshika mkono yule mwanamke, wakakaa hivyo. Wateja walikuja wakaona, wakaenda meza nyingine. Njiani kurudi, ndani ya basi, mama alitoa kisimu chake, akapiga namba ile, akasikiliza sauti ya mashine mpaka mwisho. Kisha akapiga tena.

Nilinunua sindano duka la dawa, lakini duka halipimi figo wala haliangalii miguu ya mtu. Hati ya Ngara ikafika wiki chache baadaye, binamu yangu akaileta mwenyewe kwa basi, imefungwa kwenye nailoni. Sikumwambia mama. Nilijiambia nitamwambia ikiisha. Nilikwenda ofisi ya kata peke yangu. Yule kijana aliisoma hati, akaipiga picha, akageuza skrini nione. Jina la kaka lilikuwa juu, sisi chini yake.

"Niendelee?" aliuliza.

"Endelea."

Jina likawa la kijivu. Kisha yote matatu yakawa ya kijivu. Kijana akanieleza kwamba mkuu akifa kaya inafungwa, na waliobaki wanaomba kaya mpya. Akanisaidia kuomba siku hiyo hiyo. Mkuu wa kaya mpya nikawa mimi.

Mama nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani akichambua maharage. Nilimwambia kwa furaha ya uongo, kwamba mambo yamenyooka, hatutahangaika tena.

"Umekwenda kumfuta," alisema.

"Nimekwenda kubadilisha namba, mama."

"Sikukuuliza namba."

"Mama, alikuwa amekufa. Tulimzika mimi na wewe."

"Najua nilimzika wapi." Aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa mbali. "Huku alikuwa mkuu wa nyumba. Kulikuwa na mahali pamoja, pamoja tu, ambapo alikuwa bado anatusimamia. Ungeniuliza."

Nilikaa pembeni yake nikaanza kuchambua nami. Akausogeza ungo upande wake.

Kaya mpya ilipokubaliwa nilimpeleka kliniki. Hakuvaa kitenge cha kanisani. Karani alibonyeza, namba ikaingia kwenye simu yangu papo hapo, nikaisoma, faili likafunguka. Karani alitabasamu kwa furaha. Kisha tabasamu likakwama. Ndani ya faili kulikuwa na jina la mama na mwaka wa kuzaliwa. Mengine yote yalikuwa meupe.

"Yako kwenye faili la zamani," alisema kwa sauti ndogo. "La kaya iliyofungwa."

"Linafunguliwaje?"

"Na mkuu wa kaya hiyo," alisema.

Niliulizia daftari lake. Maboksi yalikuwa yameondolewa zamani, hakuna aliyejua yako ghala gani.

Aliyemwona mama siku hiyo alikuwa tabibu mgeni, kijana, aliyechoka. Alisoma skrini akauliza, "Sukari iligunduliwa lini?" Mama akasema, "Huyu binti yangu alikuwa hajavunja ungo." Nikaeleza habari za sindano, nikataja majina ya dawa na vipimo. Akasikiliza. Akasema haoni kumbukumbu, hawezi kuandika sindano kwa maneno ya ndugu, itabidi waanze na vidonge kama kwa mgonjwa mpya mpaka vipimo virudi. Nikabishana naye. Nilipandisha sauti, mimi ambaye sauti ndiyo kazi yangu, watu wakachungulia. Mama akanivuta mkono. "Twende," alisema.

Nyumbani nilikuwa bado na sindano za duka. Alizikataa.

"Muganga amesema mimi ni mgonjwa mpya," alisema. "Wagonjwa wapya wanakunywa vidonge."

Nilidhani ni hasira itakayopita. Nilimbembeleza, nikamwita mchungaji, nikamgombeza. Alikunywa vidonge vyake kwa utii, akakaa barazani. Siku ya kurudia vipimo ilipofika alisema miguu inamuuma, hatakwenda. Nami nilikuwa na mkutano wa siku tatu, nikasema tutakwenda wiki ijayo. Hilo nimelisema mara nyingi kichwani mwangu tangu siku ile.

Kumbe alikuwa amejikata kwa jembe. Alikuwa ameficha kidonda ndani ya soksi, na nilikigundua kwa harufu. Alipovua soksi kidole kilikuwa cheusi, na weusi umepanda mpaka juu ya unyayo. Hakuhisi maumivu. Alikitazama kama kitu cha jirani.

Hospitalini walikata mguu chini ya goti. Baada ya siku kumi wakakata juu ya goti. Wauguzi walikuwa wema, na kila kitu chake sasa kilikuwa kwenye kompyuta: joto, presha, sukari, saa kwa saa, mistari mizuri ya rangi. Daktari alinionyesha ile mistari na kunieleza inavyoshuka. Mama alifariki mchana mmoja wa mvua, nikiwa nimetoka kumletea uji. Muuguzi alikuwa ameshamfunika.

Tulimzika Masaka. Kumpeleka Ngara kulihitaji vibali ambavyo sikuwa na nguvu ya kuvitafuta, kwa hiyo hakulala karibu na baba wala karibu na mwanawe. Mwanamke wa Kabuga alikuja na kifurushi cha dagaa, akakaa na wanawake wengine jikoni siku nzima. Alikuwa na simu mpya. Hakunipa namba, nami sikumwomba.

Kuandikisha kifo cha mama kulichukua muda mfupi. Hospitali ilikuwa imekwisha kutuma taarifa. Kijana wa ofisi ya kata alisimama kunipa pole, akabonyeza, simu yangu ikalia mkononi, nikamsomea tarakimu zote sita.

Watu huniuliza kama nililalamika. Nililalamika. Niliandika barua, nikajibiwa kwa adabu kwamba suala langu limepokelewa. Siamini kuna mtu mbaya katika habari hii. Ningekuwa nimempata mmoja, ningelala vizuri zaidi. Karani bado yupo dirishani. Mlinzi bado anasoma simu za wazee. Nikipita naona mabenchi yamepungua watu, na nashindwa kujua wangapi wamehudumiwa haraka na wangapi wameacha tu kuja.

Wiki zile za hospitali nilikuwa na nafasi ya kumuuliza mama kama amenisamehe. Tulizungumza kila siku. Tulizungumza habari za uji, za mbuzi wa jirani aliyekula mahindi yetu, za mvua iliyochelewa. Alikuwa anasinzia katikati ya maneno, nami nikasubiri aamke, na alipoamka nikamuuliza kama anataka maji.